“Nenda ziwani, ubatizo upo hata mwezi ujao”

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mjane wa miaka 34, naishi Kibirizi, Kigoma. Nashona nguo barazani kwenye nyumba ya kupanga, na dagaa wakiwa wengi naanika kwa vibarua. Nina watoto wawili, binti aliyeanza kidato cha kwanza na mvulana wa miaka sita. Nimeamua kukuandikia wewe uliye mbali kwa sababu watu wa karibu nimewauliza, kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu linanichoma.

Marehemu mume wangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Kwao dini ilikuwa ya jina tu, hakubatizwa utotoni. Mimi nilibatizwa mchanga kwa Wakatoliki, kwetu Kasulu, halafu nilipokuwa msichana nikaokoka na sasa nasali kanisa la Kipentekoste. Miaka kumi na miwili nilimwombea mume wangu bila kuona kitu. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa ile miezi mitatu, Mei hadi Agosti, akawa yuko nyumbani hana kazi. Jumapili moja akanifuata kanisani, nadhani kwa kuchoka kukaa. Akarudi tena. Mwezi wa sita akaongozwa sala ya toba, akaanza darasa la ubatizo. Mwalimu, yule mtu alibadilika. Pombe aliacha bila kuambiwa na mtu. Daftari lake la darasa ninalo, ameandika mistari ya Biblia kwa mwandiko wa mtu aliyeishia darasa la nne.

Nikamshonea kanzu nyeupe ya ubatizo. Kanisani kwetu wanabatiza kwa maji mengi, ziwani, alfajiri. Na mimi maji mengi sijabatizwa, kwa hiyo tukapanga tuingie siku moja, mke na mume. Mara ya kwanza ilikuwa mwisho wa Agosti, ziwa ndiyo limefunguliwa, kila mwenye boti kakimbilia majini, naye akaenda. Mara ya pili, Oktoba, alikuwa na homa. Mara ya tatu ikapangwa Jumapili ya kwanza ya Desemba, na Jumapili hiyo ikaangukia kwenye giza. Wewe wa Tabora huenda hujui: dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku ambao hakuna mwezi. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala nyumbani. Jumamosi jioni akaniuliza, “Mama watoto, niende au nibaki?” Nikapiga hesabu ya Januari, sare, godoro, sanduku la shule. Nikamwambia, “Nenda ziwani, ubatizo upo hata mwezi ujao.”

Upepo ulikuja saa nane usiku pamoja na mvua, boti ikapinduka. Wenzake wawili walishikilia dumu, wakaokolewa alfajiri, saa ileile ambayo sisi tungekuwa ufukweni tumevaa nyeupe. Yeye alipatikana siku ya tatu.

Msibani mama mkwe akasema azikwe na ile kanzu. Mzee mmoja wa kanisa akakataa, akasema hiyo ni ya waliobatizwa. Baadaye nikamsikia nyuma ya turubai akimwambia mwenzake, “Huyu tumemkosa. Andiko liko wazi, aaminiye na kubatizwa.” Akazikwa kwa shuka. Kanzu iko sandukuni.

Nataka kujua, Mwalimu, kama mume wangu amepotea. Jirani yangu naye amenionyesha Wakorintho, kwamba zamani watu walibatizwa kwa ajili ya wafu, hivyo nikiingia majini naweza kuingia kwa niaba yake. Na mchungaji amenipanga nibatizwe mwezi ujao, ziwani. Tangu siku ile sijakanyaga maji ya ziwa. Hata dagaa wa watu napokelea huku juu barabarani, mchangani sishuki. Nikisema siwezi, nitakuwa namkataa Mungu?

La mwisho ni la mtoto. Juzi namwogesha kwenye beseni akaniuliza, “Mama, si baba aliingia kwenye maji mengi?” Sikumjibu.

Mjane, Kibirizi


Mwalimu anajibu

Marahaba mwanangu, na pole. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nimetoka nayo nje kwa sababu ndani palikuwa hapanitoshi.

Ujue kwanza unaongea na nani. Mimi si mchungaji. Ni mwalimu mstaafu, Mmoraviani wa Sikonge, niliyeolewa na Mkatoliki na kuzungukwa na majirani wa kila madhehebu, kwa hiyo mabishano haya ya maji nimeyasikia tangu nikiwa na nguvu za kubishana. Nitakwambia makanisa yanafundisha nini, kisha nitakwambia ninavyoona mimi, na usichanganye hayo mawili.

Tuanze na yule mzee wa nyuma ya turubai. Andiko alilolitaja ni Marko 16:16, nalo linasomeka hivi: “Aaminiye na kubatizwa ataokoka, asiyeamini, atahukumiwa.” Wewe ni fundi, unajua kitambaa kinavyoharibika kikikatwa pasipo kupimwa. Mzee amekata mstari kati, akachukua kipande cha kwanza. Kipande cha pili hakisemi “asiyebatizwa”. Anayehukumiwa pale ni asiyeamini.

Lakini nisimwonee, kwa sababu hoja yake haikutoka hewani. Katika Yohana 3:5 Yesu anamwambia Nikodemo kwamba mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu. Siku ya Pentekoste Petro anawaambia watu watubu wakabatizwe wapate ondoleo la dhambi. Na katika waraka wake wa kwanza, sura ya tatu, anasema waziwazi kwamba ubatizo unawaokoa. Mtu akikwambia ubatizo ni jambo la kupenda kama kuvaa tai, naye hajasoma. Wakatoliki na Waorthodoksi, kwa kushika maneno hayo, wanafundisha kwamba ubatizo ni wa lazima kwa wokovu. Walutheri wanasema Mungu mwenyewe anatenda kazi ndani ya maji yale pamoja na Neno. Kanisa la Kristo wanakwenda mbele zaidi, kwao ondoleo la dhambi linapatikana pale unapozamishwa, si kabla. Halafu wapo Jeshi la Wokovu, na wale Marafiki (Quakers) wa Kaimosi kule magharibi ya Kenya, ambao ubatizo wa maji hawatumii kabisa, na ni Wakristo wanaosali na kuimba kukuzidi wewe na mimi.

Wapentekoste walio wengi hawako upande ule wa kwanza. Wanafundisha kwamba mtu anaokoka anapotubu na kuamini, na ubatizo unafuata kama utii na ushuhuda mbele ya watu. Wanapenda kutaja Waefeso 2:8, mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani. Ndiyo maana wana darasa: mtu anaokoka kwanza, ndipo anafundishwa, ndipo anaingia majini. Sasa mwezi wa sita mume wako alipoongozwa sala ya toba, sikuwepo, lakini naweza kukusimulia ilivyokuwa. Kanisa lilipiga makofi, na mtu akatamka kwamba jina lake limeandikwa kwenye kitabu cha uzima. Kama ni hivyo, lilifutwa na nani? Upepo wa saa nane usiku? Muulize mchungaji wako swali hilo, kwa adabu, na umwombe akupe jibu la kanisa lake kuhusu mtu aliyetubu akafa kabla ya siku ya ubatizo. Nina hakika atakachokwambia hakitafanana na ulichokisikia nyuma ya turubai.

Kinachonishangaza ni hiki. Kanisa lililoshika kwa nguvu kwamba ubatizo ni lazima, yaani Katoliki, ndilo lenye sheria inayosema mkatekumeni, mtu ambaye bado yuko kwenye mafundisho, katika maziko ahesabiwe kama mmoja wa waamini. Ni kanuni ya 1183 ya sheria zao za mwaka 1983. Mume wako angekuwa kwenye darasa lao na akafa vilevile, padri angemzika kwa ibada kamili wala kusingekuwa na mjadala wa kanzu. Na Katekisimu yao ya 1992 inasema kwenye namba 1257 kwamba Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, ila yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Mwenye kufungwa na agizo ni sisi tulioagizwa.

Wana na jina la jambo hilo: ubatizo wa tamaa. Nakiri jina hili kwa Kiswahili lina sura mbaya, maana tamaa kwetu ni ya mtu anayeangalia mke wa jirani au sahani ya mwenzake. Hapa maana yake ni kiu. Mtu aliyeutaka ubatizo kwa moyo wa toba, kifo kikamtangulia, anahesabiwa kuwa amepata alichokitaka.

Wazo hili si la juzi. Mwaka 392 alikufa kaisari kijana wa Roma, Valentinian wa Pili, ana miaka kama 21. Alifia Vienne, Ufaransa ya leo. Alikuwa bado hajabatizwa. Alikuwa amemwita Ambrose, askofu wa Milano, aje ambatize, na askofu alikuwa ameshaanza safari aliposikia kwamba kijana amekufa. Maiti ikaletwa Milano. Dada zake marehemu walikuwa wanalia, na ukiisoma hotuba ya mazishi utaona walikuwa wanalia kwa swali lako hilihili: kafa bila maji. Ambrose hakuwaambia kwamba ubatizo si kitu. Huyo alikuwa askofu wa kubatiza watu. Aliwauliza dada zile, je, hana neema aliyoitamani, hana neema aliyoiomba? Akajibu mwenyewe kwamba kwa kuwa aliiomba, aliipata. Nakuomba uzingatie nani anasema. Ni mtu aliyekuwa njiani kwenda kubatiza, akachelewa.

Na kuna wa karibu zaidi. Mwaka 1878 msafara wa Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, ulipita hapa Tabora ukitokea Bagamoyo, ukagawanyika; kundi moja likaja kwenu Ujiji, likafika Januari 1879, lingine likaenda Uganda. Mkuu wao, Kardinali Lavigerie, aliweka sheria ngumu: mtu asibatizwe mpaka afundishwe miaka minne. Miaka minne, mwanangu, wakati darasa la mume wako lilikuwa la miezi tu. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alipoua wasomaji wengi wa dini mwaka 1886, kulikuwa na vijana ambao miaka yao haijatimia. Karoli Lwanga, kiongozi wao, akabatiza baadhi yao haraka usiku, Kizito akiwamo. Lakini mmoja, Mukasa Kiriwawanvu, maji hayakumfikia. Alichomwa Namugongo pamoja na wengine tarehe 3 Juni. Ukisoma orodha ya mashahidi 22 wa Kikatoliki wa Uganda utakuta wengi wao ni Karoli, ni Matia, ni Yohane Maria, yeye ni Mukasa tu. Hana jina la ubatizo kwa sababu hakuwahi kupewa. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake. Najua utasema yule alikufa kwa ajili ya imani na mume wako alikufa kwa ajili ya godoro la shule. Kweli, na Wakatoliki wanatofautisha, ya Mukasa wanaiita ubatizo wa damu. Nimemtaja ili ujue kwamba kanisa lenye msimamo mkali kuhusu maji limemweka madhabahuni mtu ambaye maji hayakumgusa.

Watu watakutajia pia yule mnyang'anyi msalabani, “leo hivi utakuwa pamoja nami peponi.” Wengine watakujibu kwamba yule alikufa kabla Yesu hajaagiza wanafunzi kubatiza. Sawa, tuwaachie hilo. Mimi napenda zaidi nyumba ya Kornelio katika Matendo 10. Petro yuko katikati ya mahubiri, Roho Mtakatifu akawashukia watu ambao hawajabatizwa. Waliokuja na Petro wakashangaa, kisha Petro akaagiza maji. Maji yalikuja nyuma, lakini yalikuja. Nadhani ukiishika habari hiyo moja unakuwa umeshika pande zote mbili, kwamba Mungu hasubiri maji, na kwamba mwenye nafasi ya kuyapata asiyapuuze.

Kwa hiyo, kwa swali lako la kwanza: hapana. Siwezi kukupa hati ya kutoka mbinguni, hakuna mwenye hati hizo, na yule mzee pia hana. Ila kwa mafundisho ya kanisa lako, ya kanisa ulikobatizwa na ya kanisa langu, hakuna sababu ya kumwita aliyepotea.

Sasa tuje kwenye kile ambacho hukukiuliza. Umeniuliza juu ya mume wako, lakini barua nzima inazunguka sentensi uliyomwambia jioni ya Jumamosi. “Nenda ziwani, ubatizo upo hata mwezi ujao.” Unaibeba kama vile ni wewe uliyeleta upepo.

Wanateolojia wa zamani, na Luther baada yao, walikuwa na usemi kwamba kinachomhukumu mtu si kukosa sakramenti, ni kuidharau. Pima sentensi yako kwa usemi huo. Mtu anayesema “ubatizo upo” hajaudharau, ameuhesabu kuwa upo kama anavyouhesabu mwezi ujao. Na yeye kukuuliza “niende au nibaki” ni neno la mtu aliyekuwa anataka kubaki na anatafuta ruhusa ya mfuko. Wote wawili mlitaka. Agosti alikosa kwa uamuzi wake, Oktoba kwa homa. Mbona hizo huzihesabu? Umechukua mara ya tatu peke yake kwa sababu ndiyo iliyopita mdomoni mwako. Hesabu ya sare na godoro ni hesabu ya mama. Usitubu dhambi ambayo si dhambi, utachoka na zile za kweli utazisahau.

Hapa niseme kitu kwa mchungaji wako, kama atasoma. Kanisa la wavuvi linalopanga ubatizo usiku wa giza linamwambia mvuvi achague kati ya Mungu na uji wa watoto. Kalenda ya mwezi kila mtu wa Kibirizi anayo kichwani. Pangeni Jumapili za mbalamwezi, boti zikiwa zimelala.

Nakuhubiria, lakini na mimi nimewahi kukaa ulipokaa. Mwaka 1979 nilizaa mtoto wa kiume akaishi siku mbili. Hakuna aliyemmwagia maji, ingawa kwa Wakatoliki mtu yeyote anaweza kubatiza palipo na hatari ya kufa, hata muuguzi, hata mimi mwenyewe kwa kikombe cha chai. Hatukujua. Katekista mmoja, mtu mpole asiye na nia mbaya, alimwambia mume wangu kwamba mtoto yuko mahali pasipo mateso ila hatamwona Mungu. Hilo lilikuwa wazo la wanateolojia, halikuwahi kutangazwa kuwa fundisho la imani, lakini mume wangu alilibeba miaka ishirini na minane. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ikatoa waraka, kwa idhini ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, kwamba kuna sababu nzito za kutumaini kuwa watoto wanaokufa bila ubatizo wanaokolewa. Nilimsomea habari ile. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akachukua ndoo akaenda kumwagilia mchicha, jua la saa saba, mtu ambaye humwagilia jioni.

Ya jirani yako nitayapita haraka. Mstari upo kweli, 1 Wakorintho 15:29. Paulo pale anabishana na watu wasioamini ufufuo, anawauliza wale wanaobatizwa kwa ajili ya wafu watafanyaje kama wafu hawafufuki. Hakuagiza mtu afanye hivyo, na hasemi “sisi”. Watakatifu wa Siku za Mwisho, yaani Wamormoni, wanaufanya ubatizo huo hata leo. Makanisa mengi uliyozungukwa nayo hayaufanyi. Yohane Krisostomo, mhubiri wa karne ya nne, aliwasimulia waumini wake jinsi wafuasi wa Marcion, mzushi wa karne ya pili, walivyokuwa wakifanya: mkatekumeni akifa, wanamficha mtu aliye hai chini ya kitanda chake, wanamuuliza maiti kama anataka kubatizwa, na yule wa chini ya kitanda anajibu “nataka”. Alijua watu kanisani watacheka. Mume wako hahitaji mtu wa chini ya kitanda. Alijibu mwenyewe, akiwa hai, mwezi wa sita.

Na ubatizo wako wewe? Kwa macho yangu umeshabatizwa, Kasulu, ukiwa mgongoni. Sisi Wamoraviani, Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri tunasema ubatizo mmoja, haurudiwi. Kanisa lako halihesabu ubatizo wa mtoto asiyeweza kuamini, na kanisa hilo umelichagua mwenyewe, kwa hiyo sitakuvuta shati. Nakuomba tu usiingie majini kulipa deni la Desemba. Ukiingia, ingia kwa ajili yako.

Na si lazima iwe ziwani. Sisi Tabora hatuna ziwa, na Wapentekoste wetu wanazamishwa bwawani au kwenye birika la saruji lililojengwa nyuma ya kanisa, na bado ni maji mengi. Wakristo wa mwanzo kabisa wana kitabu kidogo cha mafundisho kiitwacho Didake. Kinasema batizeni kwa maji yanayotiririka. Yakikosekana, maji mengine. Ya baridi yakishindikana, ya moto. Na yote yakipungua, mwagieni kichwani mara tatu. Watu wale walikuwa wanauawa kwa imani yao na bado waliona inafaa kumfikiria mtu asiyeweza maji ya baridi. Basi mwambie mchungaji ukweli kama ulivyoniambia mimi: mchangani siwezi kushuka. Mwombe birika, au mwombe muda. Yule towashi Mwethiopia alimuuliza Filipo, “ni nini kinachonizuia nisibatizwe?” Wewe kinachokuzuia unakijua, na kukitaja si kumkataa Mungu. Akikulazimisha, huyo sasa ndiye wa kuombewa.

Kanzu iache sandukuni. Hakuna andiko linalosema nguo ipi ni ya nani. Yule mzee alijitungia. Mama mkwe alikuwa sahihi, na ningependa umwambie hivyo kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote, kwa sababu naye alimzika mtoto siku ile.

Sasa mvulana. Usimwambie kwamba Mungu alimbatiza baba kwa dhoruba. Kuna watu watakushauri hivyo, inasikika vizuri, lakini mtoto wa miaka sita atatoka hapo anamwogopa Mungu na beseni pia. Mwambie hapana, yale hayakuwa maji ya ubatizo, yale yalikuwa ajali. Ubatizo unakuwa na neno linalosemwa, na mtu aliyekushika mkono anayekuinua. Halafu mwambie baba alikuwa ameshasema ndiyo kwa Yesu, mapema, nchi kavu, akiwa na akili zake, na akaandika.

Atakuuliza ameandika wapi. Huyo ana miaka sita, kabla mwaka haujaisha atakuwa anaunganisha herufi, na mwandiko wa mtu wa darasa la nne ni mkubwa, unasomeka na anayejifunza. Mpe daftari.